LULU AU MAKOSA? Uhakiki wa majibu ya kuchekesha katika mitihani ya Kiswahili

Katika vyuo vyetu mna fasihi moja isiyofundishwa katika kozi yoyote, lakini haikosi wasikilizaji. Ni fasihi ya makosa ya wanafunzi. Kila kipindi cha mitihani kinapofika, walimu wanaosahihisha husomeana sentensi zilizowachekesha. Zilizo tamu zaidi hunakiliwa, husimuliwa kutoka chuo hadi chuo, na baada ya miaka michache hakuna anayejua tena ziliandikwa na nani, wala zilikuwa zikijibu swali gani. Wasemao Kifaransa huziita lulu. Jina hilo lina kejeli ndani yake: lulu huokotwa, husafishwa, huvaliwa, na hakuna anayemkumbuka chaza.

Makala hii inakusudia kuuhakiki utanzu huo kama tunavyohakiki utanzu mwingine wowote. Tutatazama unavyotungwa, unachekesha kwa njia gani, na unaficha nini. Hoja yetu ni kwamba sentensi nyingi kati ya hizo zina sarufi yake, au zina historia yake katika mafundisho yenyewe; na mwalimu anayezikusanya kwa ajili ya kicheko peke yake anautupa ushahidi bora alio nao kuhusu kazi yake.

Kabla hatujaendelea, neno moja juu ya mifano. Mifano yote inayofuata tumeiunda wenyewe, kwa kufuata aina za makosa zinazojulikana kwa mwalimu yeyote wa Kiswahili katika Katanga. Hatukunakili kopi ya mwanafunzi yeyote. Kopi ya mtihani ni maneno ambayo mwanafunzi ameyaandika kwa kulazimika, kwa muda uliopimwa, ili yasomwe na mtu mmoja. Kuyatangaza bila idhini yake ni jambo ambalo wapenzi wa lulu hawajalitolea hoja ya kutosha.

1. Utanzu na watungaji wake

Utanzu huu si mgeni, wala haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1887 mwalimu mmoja wa Brooklyn, Marekani, Caroline B. Le Row, alichapisha kitabu kiitwacho English as She Is Taught, kilichojaa majibu ya ajabu ya wanafunzi. Mark Twain alikiandikia makala katika jarida la Century mwaka huohuo. Alicheka sana, lakini hakuishia hapo: aliona kwamba watoto hao walikuwa wamebebeshwa mambo yaliyozidi umri wao, na kwamba majibu yao ya kipuuzi yalitokana na mafundisho ya kukariri. Mwaka 1930, Uingereza, W. C. Sellar na R. J. Yeatman walitoa 1066 and All That, historia ya nchi yao iliyoandikwa kama inavyobaki katika kumbukumbu ya mtu aliyesomeshwa vibaya. Katika Ufaransa, mwaka 1962, Jean-Charles alichapisha La Foire aux cancres, mkusanyo wa majibu ya wanafunzi wazembe uliouzwa kwa wingi sana.

Vitabu hivyo vitatu havifanani. Cha Sellar na Yeatman hakimcheki mtoto. Kinaicheka shule, pamoja na mtu mzima anayejidai kuwa anakumbuka. Cha Le Row kinaacha mlango wazi, na Twain aliupita mlango huo. Lakini desturi ya lulu kama tunavyoijua katika vyumba vya walimu imefuata zaidi njia ya tatu: kumweka mwanafunzi mzembe sokoni ili atazamwe.

Tukiitazama mbinu ya utunzi, tunaona kwamba mkusanyaji hufanya mambo matatu. Kwanza, huliondoa swali. Pili, huondoa sentensi zinazotangulia na zinazofuata. Tatu, huinyoosha sentensi yenyewe, mara nyingi bila kujua, hadi mzaha uwe mkali. Kwa hiyo lulu ni kazi ya waandishi wawili: mwanafunzi aliyetoa malighafi, na mwalimu aliyeichonga. Mhakiki hana budi kumuuliza huyo wa pili kwa nini amechonga pale, na nini kimedondoka chini ya meza yake.

2. Sentensi zenye sarufi yake

Tuchukue sentensi hii: «Baada ya kupata kazi mgodini, kijana yule alirudi kijijini akaoa bibi.» Msomaji wa Dodoma atacheka, kwa maana kwake bibi ni mama wa mzazi. Msomaji wa Lubumbashi hatacheka hata kidogo. Kwake bibi ni mke, bwana ni mume, na mama wa mzazi ni nkambo. Zaidi ya hayo, Kiswahili cha zamani cha pwani nacho kilimjua bibi kwa maana ya mke. Ni matumizi ya baadaye ya upande wa mashariki yaliyompendelea mke na kumwachia bibi uzee. Mwanafunzi hakubuni kitu. Alitumia neno kama alivyolipokea kwa mama yake.

Ya pili: «Mtoto alilia siku nzima juu ya baba yake.» Mwalimu anamwona mtoto amepanda mabegani mwa baba, machozi yakimtiririka mzee kichwani. Lakini katika Kiswahili cha Kongo juu ya huonyesha sababu, na swali juu ya nini? maana yake ni kwa nini? Mtoto alilia kwa ajili ya baba yake. Huenda baba alikuwa amefariki. Sentensi ambayo chumba kizima kimeicheka inaweza kuwa ndiyo sentensi ya huzuni kuliko zote katika kopi ile.

Ya tatu: «Upepo mkali uliezua masomo, nasi tukabaki nyumbani wiki nzima.» Hapa masomo ni shule yenyewe, jengo lenye kuta na mabati, kama inavyosemwa kila asubuhi katika mitaa yetu.

Ya nne ina mafunzo makubwa zaidi: «Nilipita mtihani wa sarufi mara tatu, lakini sikufaulu hata mara moja.» Kwa mtu wa Dar es Salaam, hiki ni kinyume kitupu, kwa sababu huko, katika mazungumzo ya kila siku, kupita mtihani ni kufaulu. Lakini mwanafunzi wetu amesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, na katika Kifaransa kitenzi passer, kikiambatana na mtihani, kina maana ya kuufanya, si ya kuushinda. Kwake sentensi ni sahihi, tena ni ya kusikitisha. Tutambue kwamba yule wa Dar es Salaam naye amefuata lugha ya kigeni: kupita kwake kunafuata Kiingereza. Ni tafsiri mbili za neno kwa neno, kila moja kutoka kwa mkoloni wake. Moja imezoeleka, nyingine inachekwa, na tofauti kati yao haitoki katika mantiki ya Kiswahili.

Kuhusu maumbo ya maneno, hali ni hiyohiyo. Mwanafunzi anayeandika «nkambo alikuwa anatuambiaka hadithi» anapigiwa mstari mwekundu chini ya -aka. Lakini kiambishi hicho cha mazoea ni mrithi wa kiambishi cha kale cha Kibantu, ambacho Kiswahili cha pwani kimekipoteza. Anayeandika katoto na tutoto anatumia ngeli mbili za udogo za kale, ambazo Kiswahili sanifu kimeziacha na kuweka ki- na vi- mahali pake. Kwa upande huo, kopi ya mwanafunzi imehifadhi jambo ambalo kamusi imelisahau. Halifai katika insha ya Kiswahili bora, ni kweli. Lakini kutofaa si sawa na kuwa upuuzi.

Tusisahau pia matamshi. «Mfalme aliwakamata adui zake, akawapika vikali.» «Siku ya kula ilipofika, raia wote walijitokeza mapema.» Mfalme wa kwanza si mla watu: katika usemi wa wengi huku, g ya kupiga hudhoofika ikawa k. Na raia wa pili hawakufuata karamu; walikwenda kupiga kura. Lugha kama Kibemba na Ciluba hazitumii l na r kutofautisha maneno, na sikio lililolelewa humo halina budi kufundishwa tofauti hiyo kama linavyofundishwa wimbo mpya.

Mambo haya hayakufichika kwa wataalamu. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, alichapisha makala juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968. Vincent de Rooij aliandika tasnifu yake juu ya mazungumzo ya Kiswahili na Kifaransa katika Katanga mwaka 1996. Kwa hiyo sarufi ya mwanafunzi wetu ilikwisha kuelezwa kwa Kiingereza na kusomwa Ulaya, wakati katika chumba cha kusahihishia bado inaitwa ujinga.

Tukumbuke pia namna Kiswahili sanifu kilivyopatikana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwemo. Hatusemi hivyo ili kulalamika, maana lugha sanifu ni lazima ianzie mahali fulani. Tunasema hivyo ili ijulikane kwamba mwanafunzi wa Kolwezi anapofanya mtihani wa Kiswahili bora anafanya mtihani wa lugha ya jirani iliyo karibu sana na yake. Ukaribu huo ndio mtego. Katika lugha ya mbali mtu hujihadhari. Katika lugha ya karibu hutembea bila taa.

3. Sentensi zilizozaliwa darasani

Kundi la pili linatuhusu zaidi sisi walimu. Tuchukue jibu hili: «Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini aliendelea kuandika hadi mwaka 1968.» Ni lulu safi. Lakini tuulize limetoka wapi. Mshairi huyo, aliyezaliwa mwaka 1909, alifariki kweli mwaka 1962. Na Utubora Mkulima pamoja na Siku ya Watenzi Wote vilitolewa kweli mwaka 1968. Tarehe zote alizoziandika mwanafunzi ni sahihi. Alizinakili ubaoni, akazihifadhi, akazirudisha kwa uaminifu. Kilichokosekana ni maelezo ya dakika moja juu ya tofauti kati ya kuandika kitabu na kukichapisha, na juu ya miswada inayobaki baada ya mwandishi kufariki. Mwanafunzi amejibu kama alivyofundishwa. Na huenda aliona ajabu ile yeye mwenyewe, lakini hakuthubutu kuuliza.

Au hili: «Shairi la mizani 16 ni zito kuliko shairi la mizani 8.» Msahihishaji anacheka kwa sababu yeye amekwisha kusahau kwamba mizani, kabla ya kuwa istilahi ya ushairi, ni chombo cha sokoni cha kupimia unga. Mwanafunzi hajasahau. Amelichukua neno kwa maana yake ya kwanza, na kutoka hapo amefikiri vema kabisa: chenye mizani nyingi kina uzito mwingi. Hana kosa la kufikiri; ana pengo la istilahi. Kama mwalimu angaliwaambia kwamba hapa mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, na akazihesabu pamoja nao kwa vidole, sentensi ile isingaliandikwa.

Aina ya tatu katika kundi hili ni ya kusikitisha zaidi. Mwanafunzi ameambiwa mara nyingi kwamba batu ni kosa, aandike watu. Kwamba balikuja ni kosa, aandike walikuja. Hakuelezwa kanuni ya ngeli. Ameambiwa tu kwamba ba ni mbaya. Basi siku ya mtihani, kwa hofu, anaweza kuandika wahari badala ya bahari. Vilevile ameambiwa kwamba mutoto ni mtoto na mukubwa ni mkubwa, naye akaandika Mngu. Kosa la namna hii halikutoka kijijini wala mtaani, kwa maana hakuna mtu yeyote, popote, asemaye wahari. Limezaliwa na kalamu nyekundu isiyotoa maelezo. Anayelicheka anacheka mwangwi wa mafundisho ya darasani.

Nadharia ya jambo hili si ngeni. S. Pit Corder, katika makala yake maarufu ya mwaka 1967, alitofautisha mteguko wa mara moja, utokanao na uchovu au haraka, na kosa lenye utaratibu, linaloonyesha hatua aliyofikia mwanafunzi katika kujijengea lugha. Larry Selinker, mwaka 1972, aliiita lugha hiyo ya njiani kwa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema lugha-kati. Wote wawili wanatufundisha jambo moja: kosa linalorudiwarudiwa na wengi ni habari. Wanafunzi 40 wakiandika juu ya kwa maana ya sababu, hakuna wajinga 40. Kuna kanuni moja ambayo haijafundishwa.

4. Makosa yaliyo makosa

Je, tumewaondolea wanafunzi lawama zote? La. Kuna majibu yanayostahili kicheko na sifuri kwa pamoja. Mwanafunzi asiyeisoma riwaya anaulizwa juu ya mhusika mkuu, naye anajibu: «Mhusika mkuu ni mtu wa maana sana katika kitabu hiki, kwa sababu bila yeye kitabu kingekosa mhusika mkuu.» Hapa hakuna lahaja, wala lugha-kati, wala istilahi iliyofichika. Kuna mtu anayetaka kujaza ukurasa. Sarufi yake ni safi kabisa, na hilo ndilo la kuzingatiwa: jibu tupu kuliko yote limeandikwa kwa Kiswahili kisicho na doa, huku sentensi iliyoonewa, ile ya mtoto na baba yake, ikiwa imebeba maana kamili. Msahihishaji anayeongozwa na kicheko peke yake anaweza kumpa yule wa kwanza alama ya huruma, na kumnyang'anya wa pili alama aliyoistahili.

Wala hatusemi kwamba Kiswahili cha mitaani kiingie katika insha bila kusahihishwa. Wengi wa wanafunzi wetu watakuwa walimu katika Likasi, Kalemie au Bukavu. Wataandikiana na wenzao wa Bujumbura, Nairobi na Dodoma, hasa tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kuwanyima lugha sanifu kwa jina la kuwaheshimu kungekuwa dharau ya namna nyingine. Lakini kusahihisha ni kuonyesha njia kutoka umbo moja hadi jingine. Na anayeonyesha njia lazima ajue mwenzake anatokea wapi.

Tena kuna swali la haki. Alama ya kufaulu ni 10 juu ya 20. Kati ya 9 na 10 kuna kipindi cha pili cha mitihani, kuna malipo ya masomo ya mwaka mwingine, na katika baadhi ya familia kuna mdogo wa kike atakayesubiri zamu yake. Katika mtihani wa fasihi, mwanafunzi aliyeelewa kitabu lakini akaandika bibi kwa maana ya mke hapaswi kuanguka kwa neno hilo. Akatwe alama za lugha pale lugha inapopimwa, na ajue amekatwa ngapi, kwa sababu gani.

5. Mapendekezo

Kwa hayo yaliyotangulia, tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, msahihishaji aweke katika pambizo alama tatu zilizo tofauti: moja ya mteguko wa haraka, moja ya umbo lililo sahihi katika Kiswahili cha Kongo lakini si sanifu, na moja ya kutoelewa jambo lenyewe. Kazi hiyo haichukui muda mrefu kuliko kupiga mstari mwekundu, nayo humfaa mwanafunzi mara tatu zaidi.

Pili, badala ya daftari la lulu, idara iwe na daftari la makosa lisilo na majina, lililopangwa kwa aina na kwa idadi. Kosa linaloonekana mara moja lipite. Kosa linaloonekana katika kopi 30 liwe somo la kwanza la mwaka unaofuata.

Tatu, kozi ya mwaka wa kwanza ianze kwa kulinganisha waziwazi Kiswahili cha kwetu na Kiswahili sanifu: wa- na ba-, -aka na hu-, nyumbani na ku nyumba, kwa sababu na juu ya. Mwanafunzi aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba anazo lugha mbili, si lugha moja iliyoharibika.

Nne, kila swali la mtihani lisomwe na mwalimu wa pili kabla ya kupelekwa kwa wanafunzi. Baadhi ya majibu ya ajabu ni majibu sahihi ya maswali yaliyotungwa ovyo; lakini kwa kuwa desturi ya lulu huliondoa swali, mtunzi wake hajulikani kamwe.

Kicheko hakitakwisha, wala hatuombi kiishe. Kusahihisha kopi 200 usiku, chini ya mshumaa umeme ukiwa umekatika, ni kazi inayohitaji faraja. Tunaomba tu kwamba msahihishaji, baada ya kucheka, airudie sentensi ile mara ya pili na kuuliza: huyu alitaka kusema nini, na ni nani aliyemfundisha kusema hivi? Walimu watakaoanzisha madaftari ya namna tuliyoeleza wanaombwa kuipelekea ripota yetu matokeo yao, bila majina ya wanafunzi, ili yaweze kulinganishwa kutoka chuo hadi chuo.